Ukuta Unauona Mwenyewe

Ramani ilibandikwa Jumatatu jioni, na mtu wa kwanza kuisoma hakuwa diwani wala mhandisi. Alikuwa mhudumu wa ofisi, aliyeingia ukumbi wa mikutano Jumanne asubuhi kabla ya saa moja, ndoo mkono huu na tambara la deki mkono ule. Alitakiwa kufuta meza, kupanga viti ishirini na nne na kuweka glasi za maji. Alifuta meza. Viti vilimngoja, kwa sababu ramani ilikuwa kubwa kuliko mlango na juu yake pameandikwa kwa herufi nene: Mpango wa Mji wa Kupunguza Hatari ya Mafuriko.

Alitafuta soko akaliona. Kutoka sokoni akafuata kwa kidole barabara ya kiwanda cha barafu, akavuka daraja dogo, akafika mtaani kwake. Mitaa yote ya jirani ilikuwa imepakwa samawati, na pembeni maelezo yalisema samawati ni mitaa inayofikiwa na maji, itakayojengewa mitaro na kuinuliwa barabara. Mtaa wake ulikuwa mweupe kabisa. Mwishoni mwake, kwenye uwanja wa mpira, palichorwa mraba mwekundu na mshale wa kuingia ndani, na maneno madogo: Eneo la kupokea maji ya ziada.

Aliyasoma maneno hayo mara tatu. Hakuwa msomi, lakini Kiswahili anakijua, na maji ya ziada anayajua zaidi.

Mpima ardhi, binti mmoja mwembamba aliyeletwa na baraza la mji kwa ajili ya mpango huu, alifika saa mbili. Alikuwa na tabia njema ya kuwasalimia wahudumu, jambo ambalo wakubwa zake walikuwa bado hawajajifunza. Mhudumu alimwomba radhi, akamuuliza ule mraba mwekundu ni kitu gani. Binti akamweleza bila kumdharau. Ufukweni utajengwa ukuta wenye milango. Bahari ikijaa, milango itafungwa. Lakini mvua ikinyesha wakati milango imefungwa, maji ya mjini hayatakuwa na pa kutokea, kwa hiyo pampu itayasukuma hadi kwenye uwanja ule, yakae pale mpaka bahari ishuke.

"Na nyumba zilizo pembeni ya uwanja?" mhudumu aliuliza.

"Zile ziko juu. Hata mafuriko makubwa ya miaka minne iliyopita hayakuzigusa. Tulihesabu nyumba kwa nyumba. Nyumba thelathini na moja, sifuri kila mahali."

Mhudumu alikunja tambara lake, akalikunjua. Akasema nyumba mojawapo kati ya hizo ni yake, na mwaka ule maji yalimfika kiunoni akiwa jikoni kwake.

Binti alimtazama, akatazama ramani. Akasema vipimo vya ardhi walivyonavyo ni vya miaka ishirini nyuma, ndiyo maana walitegemea alama za ukutani na maneno ya wenyeji. Pingamizi zinapokelewa mpaka Ijumaa saa sita mchana. "Ila kwa ushahidi, mama. Maneno peke yake hayatoshi. Kila mtu atataka maji yaende kwa jirani."

Siku ile viti vilipangwa ishirini na tatu, na diwani mmoja akakaa kwenye dirisha.

*

Mume wa mhudumu alikuwa mpaka rangi. Watu walimwita Chokaa, na alikuwa ameitikia jina hilo kwa muda mrefu hata mama yake mzazi alilitumia. Fundi huyu alikuwa na umaarufu mmoja tu, nao ulivuka mtaa wake: alijua kulifuta doa la mafuriko. Wapaka rangi wengine hupaka juu ya doa, na baada ya miezi miwili chumvi inachungulia tena na rangi inabanduka vipande vipande. Chokaa alikuwa na subira. Alikwangua chumvi, akaosha ukuta kwa siki, akauacha ukauke, akapaka vanishi mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, ndipo akaweka rangi. Alipomaliza, ungeweza kuapa kwamba nyumba ile haijawahi kuona hata tone.

Mtaa mzima ulimtegemea, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa na jambo la kuficha. Pale mafuriko hayakuitwa mafuriko. Yaliitwa mgeni. Mgeni akishaondoka, milango ilifungwa, matope yakatolewa kwa uani, na Chokaa akaanza kazi nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho. Hakuna aliyepangisha chumba akataja mgeni. Hakuna aliyepokea washenga akataja mgeni. Wazee waliuanza utaratibu huu, vijana wakaurithi, na kwa jumla uliwafaa. Methali husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Chokaa alikuwa ameziba nyufa zote, na sasa mji ulikuwa unajenga ukuta mahali pengine.

Jioni ile mkewe alimpa habari yote wakiwa wanakula, pamoja na mama mkwe aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na mlango. Chokaa alimsikiliza akiwa anatafuna. Alipomaliza kutafuna akasema hilo ni jambo dogo, wataenda ofisini waseme ukweli.

"Walipokuja hapa wale vijana wa kuhesabu, uliwaambia nini?" mkewe aliuliza.

Chokaa alinawa mikono. Alikumbuka vizuri sana. Kijana alisimama pale pale mlangoni na kidude chake cha kuandikia, akauliza kama maji huingia. Chokaa alimshika mkono, akauweka ukutani, akamwambia gusa. Kijana akagusa, akasifu ukuta, akaandika sifuri. Chokaa alifurahi siku ile hata akamsimulia mkewe.

"Nilikuwa najisifia kazi," alisema.

"Basi wamekuamini."

Mama yake, ambaye kwa kawaida hakuingilia mazungumzo ya mke na mume isipokuwa kila siku, alisema mficha maradhi kifo humuumbua. Chokaa alimjibu kwamba yeye mama ndiye wa kwanza kumtuma akanunue rangi kila mwaka wa mgeni. Mama akakubali kwamba ni kweli, akaendelea kula.

Kabla ya kulala mke alisema jambo moja tu, naye alilisema bila hasira. "Wakileta maji yale kwa pampu, hatutaondokewa na mgeni baada ya siku mbili. Atahamia."

*

Jumatano walikwenda ofisini pamoja. Mke alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku na kuvaa gauni la kutokea. Walikaa kwenye benchi la wananchi, ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelifuta jana yake. Ofisa wa mipango alipita, akamwona, akamwambia alete chai tatu chumba cha mkutano. Akajibu kwamba leo amekuja kama mkazi. Ofisa alicheka kwa wema, akasema sawa, akishamaliza ukazi alete chai. Mume wake alitazama viatu vyake. Mke aliinuka, akapeleka chai tatu, akarudi akakaa kwenye benchi.

Mpima hakucheka. Alichukua futi yake ya chuma na kamera, akawafuata mpaka nyumbani. Chokaa alileta kikwanguo, akakisugua kwenye suruali, akasimama mbele ya ukuta wake wa sebuleni. Kisha akaanza kuukwangua. Miaka yote alikuwa amekwangua ili afunike, na mkono wake haukuzoea kukwangua ili uonyeshe.

Rangi zilitoka moja baada ya nyingine. Krimu ya miaka minne iliyopita. Chini yake kijani. Chini ya kijani, krimu nyingine. Halafu pinki.

"Hii pinki ni ya mwaka wa harusi yetu," mke alimweleza mpima. "Mgeni alikuja mwezi wa pili baada yake."

Chini kabisa kulikuwa na plasta, ambayo maji ya kila mgeni yalikuwa yameifikia, na kwenye plasta mstari wa kahawia ulionyooka kama uliopigwa kwa rula, na juu ya mstari chumvi nyeupe. Mpima alipima: sentimita tisini na moja kutoka sakafuni. Akapiga picha. Akashika ukuta kwa kiganja, akasema kazi hii ya kufunika ni nzuri mno, hajawahi kuona. Chokaa hakujua kama ashukuru.

Lakini nyumba moja haikutosha. Wakubwa watasema bomba lilipasuka, mpima alieleza, au watasema ni nyumba moja yenye bahati mbaya. Inatakiwa nyumba ya chini kuliko zote mtaani. Ikionekana alama pale, na urefu wake ukilingana na huu, ataweza kuuchora mstari kwa mtaa mzima, na hakuna wa kubisha.

"Nyumba ya chini kuliko zote ni ipi?" aliuliza.

Chokaa na mkewe hawakutazamana. Mama mkwe ndiye aliyejibu kutoka kwenye kigoda, kwamba ni ile ya mwisho, inayopakana na uwanja, ya Mwalimu.

*

Kwanza Chokaa alijaribu kumkwepa Mwalimu. Mchana wote wa Jumatano alizunguka kwa majirani akitafuta nyumba nyingine tatu au nne za kukwangua, akitumaini wingi utafidia. Mwenye vyumba vya kupangisha alimwambia kwake hajawahi kufika mgeni yeyote, na wapangaji wake wanane walikuwa uani wakisikia. Mwingine alikuwa na posa ya binti yake Jumapili. Wa tatu alisema atafikiri, na akafunga mlango ili afikiri vizuri. Mama muuza mkaa, ambaye nyumba yake aliipaka mara tatu, ndiye aliyemwambia waziwazi: "Wewe mwenyewe ulituvisha, Chokaa. Leo unapita kutuvua nguo?"

Alirudi nyumbani, akalala chali kwenye mkeka. Mkewe aliketi karibu naye akiwa anachambua mchele. Alijua mumewe anaogopa nini, na hakuwa na haja ya kuambiwa.

Mwalimu alihamia mtaani miaka mitatu iliyopita, alipostaafu. Alikuwa akitafuta nyumba isiyo na ngazi, mahali pakavu, kwa sababu mkewe alipatwa na kiharusi, upande mmoja ukafa, na hawezi kushuka kitandani bila kubebwa. Seremala aliyekuwa na ile nyumba ya mwisho alitaka kuuza aondoke. Akamwita Chokaa apake. Mwalimu alikuja kuitazama siku ambayo Chokaa alikuwa anamalizia dirisha, brashi bado mkononi. Akazunguka vyumba, akapapasa kuta, akarudi akasimama chini ya ngazi ya fundi. Akauliza, fundi, wewe ni mwenyeji, maji hufika hapa?

Na Chokaa akamjibu, "Mwalimu, ukuta unauona mwenyewe."

Hakusema hapana. Jambo hilo alikuwa amejikumbusha mara nyingi tangu siku ile. Mwalimu alitoa kiinua mgongo chake chote akanunua. Miaka mitatu haikuwa na mafuriko ya maana. Maji yaliishia uwanjani yakarudi. Mwalimu akawa jirani mwema kuliko wote, akachaguliwa katibu wa mtaa, akamwandikia Chokaa barua za kuomba kazi bila kutaka kitu. Na wale vijana wa kuhesabu walipohitaji sahihi ya mtaa, ni yeye aliyeandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba mtaa huu haufikiwi na maji. Aliandika akijua anasema kweli.

"Akiniuliza kwa nini sikumwambia, nitasema nini?" Chokaa aliuliza.

"Sijui," mkewe alisema. "Lakini ile pampu ikiwashwa, yeye ndiye wa kwanza. Na yule mama hawezi kuinuka."

Chokaa alikuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amelifikiria kila msimu wa mvua kwa miaka mitatu, na kila msimu alijiambia kwamba mwaka huu hautakuwa mkubwa.

*

Alikwenda Alhamisi alasiri. Mwalimu alikuwa barazani, miwani puani, ameshika gazeti lenye kucha alizomkata mkewe. Mkewe alikuwa ndani, na yeye alikuwa ametoka kuzitupa. Chokaa alimwamkia. Mwalimu akaitikia, akamvutia kiti.

Hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kwa sauti ya chini ili isiingie ndani: mgeni ni nini, alifika wapi, nani alipaka, ni vanishi mikono mingapi. Alipofika kwenye siku ya ngazi na brashi, aliishia hapo.

Mwalimu alivua miwani. Katika miaka thelathini na sita ya kufundisha alikuwa amepokea maungamo mengi, ya wizi wa kalamu na ya mambo makubwa zaidi, na alikuwa na uso maalumu wa kuyapokelea. Alijaribu kuuvaa uso ule, ukakataa.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza, Mwalimu."

"Ukaniambia ukuta nauona mwenyewe."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nimewahi kuwafundisha watoto kwamba njia ya mwongo ni fupi. Kumbe ina miaka mitatu."

Alikunja gazeti lenye kucha, akalikunja tena, mpaka likawa dogo sana. Kisha akauliza jambo ambalo Chokaa hakulitarajia. Aliuliza pingamizi linaisha saa ngapi. Chokaa akasema kesho saa sita. Mwalimu akasema basi waje saa mbili, yeye na huyo mpima, na wasichelewe. Hakumuaga. Aliingia ndani akafunga mlango taratibu, kama mtu mwenye mgonjwa.

Usiku huo Mwalimu hakumwambia mkewe kitu. Alimlisha, akamgeuza, akamfunika shuka, akakaa kwenye kiti akiutazama ukuta wa krimu nyuma ya kitanda. Ulikuwa ukuta mzuri. Hata sasa, akijua, hakuona chochote.

*

Ijumaa saa mbili mpima alifika na mwenzake mmoja wa kushika vipimo. Chokaa alikuja na kikwanguo, na mkewe akaja naye bila kuitwa. Chumba cha mbele kilikuwa ndicho chumba cha mgonjwa, kwa sababu kina dirisha kubwa na hewa. Kitanda kilikuwa cha chini, cha kununuliwa makusudi, ili Mwalimu aweze kumbeba bila kuumia mgongo.

Mke wa Mwalimu aliwasalimia kwa upande wa mdomo uliobaki mzima. Maneno yake yalikuwa machache na alikuwa anayachagua. Mumewe alimwambia wamekuja kupima ukuta. Akauliza kuna nini ukutani. Mwalimu hakujibu, akamwashiria fundi aanze.

Chokaa alikwangua sehemu ya upana wa mlango, nusu mita kutoka kwenye mto wa mgonjwa. Mke wake alishika shuka kuukuu kukinga vumbi lisimfikie mama. Krimu ilitoka nzima nzima, kwa maana vanishi ilikuwa nzuri. Chini yake kulikuwa na bluu ya seremala, na juu ya ile bluu ulikuwepo mstari. Mpima alipima sakafu hadi mstari, akaandika. Mita moja na sentimita kumi na nne. Akafungua pimamaji yake ndefu ya kupimia usawa, akachungulia, akatoka nje na mwenzake wakarudi, akafanya hesabu kwenye karatasi. Akasema kwa sauti ya kawaida kwamba, kwa kuwa sakafu hii iko chini zaidi, inalingana na nyumba ya fundi bila tofauti ya hata sentimita mbili. Mtaa wote ulizama.

Mgonjwa alikuwa ameugeuza uso, akiutazama ule mstari ambao ulikuwa juu yake.

"Fundi," alisema. "Mimi hapa. Yangenifika wapi?"

Chokaa alimtazama Mwalimu, na Mwalimu alikuwa anatazama sakafu. Akamtazama mkewe, naye akamtazama tu. Swali lilikuwa lake. Alisogea hadi kando ya kitanda, akanyoosha mkono, kiganja chini, usawa wa mstari. Kutoka kwenye paji la uso la mgonjwa hadi kwenye kiganja palikuwa na nafasi ya kutosha ndoo moja na nyingine juu yake.

Aliuacha mkono pale. Hakujua aushushe wakati gani. Haya ilimpanda, haya ya kweli, isiyokuwa na neno la kuitetea, na machozi yakamtoka mbele ya mpima na mwenzake wa kushika vipimo.

"Basi," mke wa Mwalimu alisema. "Nimeona. Shusha."

*

Pingamizi liliandikwa na Mwalimu mwenyewe, kwa mwandiko ule ule mzuri. Alianza kwa kueleza kwamba taarifa ya awali ya mtaa, yenye sahihi yake, haikuwa kweli, na kwamba kosa analibeba yeye. Chokaa alitaka jina lake ndilo liandikwe. Mwalimu alimwambia sahihi ni sahihi, asimfundishe. Saa tano na nusu mhudumu aliipeleka barua ofisini, ikapigwa muhuri, na yule ofisa wa mipango hakuagiza chai. Mpima alisimama mbele ya ramani, akachukua kalamu nyekundu, akaupiga mshale msalaba. Pembeni akaweka alama ya kuuliza. Alisema mtaa utapakwa samawati kwenye ramani mpya, lakini mitaro na barabara ni suala la bajeti, na wapi maji ya ziada yatakwenda, hilo hawajui bado. Kila mahali pana watu.

Mtaani habari zilitangulia. Jioni ile watu watatu hawakuitikia salamu ya Chokaa. Mwenye vyumba vya kupangisha alikuwa amepoteza wapangaji wawili, na akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna watu wanajenga mji na kuna watu wanabomoa. Posa ya Jumapili ilisogezwa mbele. Mama muuza mkaa peke yake ndiye aliyekuja, akasimama mlangoni, akaitazama ile sehemu iliyokwanguliwa sebuleni, akahesabu rangi kwa kidole. Akauliza kama Chokaa atamkwangulia na yeye, lakini mambo yakishapoa.

Jumamosi asubuhi Mwalimu alimtuma mtu kumwita fundi. Chokaa alikwenda akidhani ni kudaiwa, na alikuwa tayari kudaiwa. Alikuta matofali ya saruji yamepangwa barazani, yamenunuliwa asubuhi hiyo.

"Rangi ile niliilipia ndani ya bei ya nyumba," Mwalimu alisema. "Hii kazi utaifanya bure."

Walimbeba mgonjwa, wakamkalisha kwenye kiti, mke wa Chokaa akamshikilia bega. Wakainua kitanda, tofali moja kila mguu, halafu la pili. Chokaa aliweka pimamaji kwenye mbao ya kitanda kila safari, kwa sababu kazi mbovu hakuwahi kuijua hata siku ile. Kwa kila tofali Mwalimu alikuwa anatazama ukuta. Tofali la nne. La tano likavusha godoro juu ya mstari kwa upana wa kiganja. Wakamrudisha mgonjwa kitandani, na iliwabidi wote watatu, na kigoda cha kukanyagia. Kuanzia sasa Mwalimu atapanda kigoda kila atakapomlisha, na mgongo wake hautamshukuru.

Chokaa alichovya brashi kwenye kopo la samawati alilokuja nalo. Akapaka mstari ukutani, mahali pa ule wa kahawia, kutoka kona mpaka kona, bila kutumia rula. Haukupinda.

Mke wa Mwalimu hakuwa anatazama mstari. Kutoka juu pale, kwa mara ya kwanza tangu ahamie, aliona kilichokuwa chini ya dirisha.

"Kumbe pana uwanja," alisema.

Mumewe alimwambia ndiyo, pana uwanja, ule aliokuwa akimsimulia. Alitazama muda mrefu, kisha akauliza maji yakija yatatokea upande gani. Mwalimu akasema hilo wasilizungumze leo. Lakini swali hakuulizwa yeye. Chokaa alinyoosha brashi, akaonyesha kona ya uwanja, kwenye mtaro, nyuma ya goli.

Kitanda kilikuwa kimeelekea mlangoni, na kona ile ilikuwa kisogoni kwake.

"Nigeuzeni," alisema.

Mwalimu alivuta pumzi. Kumgeuza maana yake ni kumshusha tena, kutoa matofali ishirini, kuzungusha kitanda na kuanza upya. Chokaa alikuwa ameshaweka brashi chini, akapiga goti kwenye mguu wa kwanza wa kitanda, akangoja washike.